KIVULI NA MAJINA
Historia fupi ya bustani ya wafu wa vita, na yatupasayo sisi wa Garissa



Ni desturi ya kijitabu hiki kutoa kwanza hesabu ya fedha, kisha orodha ya wagonjwa waliosaidiwa na misiba iliyohudhuriwa, na mwisho makala moja ya historia, ili msomaji aliyechoshwa na tarakimu apate jambo la kufikiri. Mwaka huu nimeombwa kuandika juu ya ukumbusho wa watu waliokufa vitani. Nimeikubali kazi hiyo kwa moyo, kwa kuwa yahusu jambo ambalo ni mzizi wa chama cha ustawi cho chote, yaani kumsitiri vema mtu aliyefia mbali na kwao. Hakuna kundi la watu waliofia mbali na kwao kwa wingi kama askari na wapagazi wa vita.

Nitaanza na njia yetu hii ya mto Tana, nifuate wafu wake mpaka mahali walipolazwa chini ya miti, kisha nirudi nyumbani. Hoja yangu ni moja, nami naitaja mapema ili isipotee njiani: mti waweza kutunza kumbukumbu ya mtu, na mti huo huo waweza kuifuta. Kinachotenga hali hizi mbili ni orodha ya majina.

NJIA YA TANA

Mgeni afikaye Garissa huona daraja, soko la ngamia na ng'ombe, na mikoma iliyopanga kando ya mto. Si rahisi kwake kujua kwamba amesimama juu ya njia kuu ya vita. Tarehe 10 Juni 1940 Italia iliingia vitani dhidi ya Uingereza. Wakati huo Waitalia walikuwa wametawala Somalia ya kusini na Uhabeshi, na mpaka wao na Kenya ulikuwa mrefu na mkavu. Mwezi uliofuata waliizingira Moyale. Kikosi kidogo cha King's African Rifles kilichokuwa ndani ya ngome kilivumilia mizinga na kiu, na usiku wa kuamkia tarehe 15 Julai kikatoka kimyakimya kati ya adui na kuokoka.

Baada ya hapo mto Tana ukawa kama ukuta wa Kenya. Kati ya Tana na mto Juba palikuwa na nchi kavu ya kilomita mia kadhaa, isiyo na maji ya kulitosha jeshi, na majenerali wa pande zote mbili walijua kwamba atakayeivuka lazima abebe maji yake. Garissa, Bura na Wajir zikajaa askari, magari, mapipa ya maji na mafuta. Walikuwako watu wa Afrika Mashariki, wa Gold Coast ambayo leo ni Ghana, wa Nigeria na wa Afrika Kusini. Walikuwako pia wenyeji wa kaskazini hii, wakiwamo Dubas wenye vilemba vyekundu, ambao waliijua nchi na visima vyake kuliko ramani yo yote.

Mapema mwaka 1941 Jenerali Alan Cunningham aliamuru majeshi yasonge mbele. Mkono mmoja ulipita njia ya Liboi ukaitwaa Afmadow tarehe 11 Februari. Kismayu ikatwaliwa tarehe 14, mto Juba ukavukwa, na tarehe 25 Februari Mogadishu ikaanguka. Tarehe 6 Aprili majeshi hayo yaliingia Addis Ababa. Katika historia ya vita hiyo ni mwendo wa ajabu kwa upesi wake, na vitabu vingi huusifu. Lakini mwendo wa upesi huacha makaburi ya upesi. Mtu aliyekufa kwa risasi, kwa ajali ya lori au kwa homa alizikwa palepale kandokando ya njia, chini ya mgunga, na wenzake wakapanda magari na kuendelea.

Vita ilipokwisha swali likazuka: nani atayatunza makaburi hayo yaliyotawanyika nyikani?

MSITU WA BARABARA YA NGONG

Jibu moja laweza kuonekana Nairobi kwa macho. Kando ya Barabara ya Ngong kuna mahali paitwapo Nairobi War Cemetery, makaburi yaliyofunguliwa na wakuu wa jeshi mwaka 1941, wakati Nairobi ilipokuwa makao makuu ya majeshi ya Afrika Mashariki na mji wa hospitali za majeruhi. Hapo hapakupangwa kama uwanja wa kawaida wa kuzikia. Waliopachora walikusudia paonekane kama uwanda ulio wazi katikati ya msitu wa asili. Waliacha nyasi fupi katikati, wakaweka vikundi vya miti hapa na pale bila mstari, na miti mingine pembeni mpaka mtu asijue bustani yakomea wapi.

Katika uwanda huo mna makaburi 1,952 ya vita ya mwaka 1939 hadi 1945, na katika hayo ni 11 tu ambayo waliomo hawakutambulikana. Makaburi yaliyokuwa katika vituo vya mbali, ambako hayangeweza kulindwa daima, yalihamishiwa humo. Kila jiwe lina jina la mtu, kikosi chake, namba yake na siku ya kufa kwake. Mkubwa na mdogo wamepewa mawe ya kimo kimoja.

Ndani ya bustani hiyo umo pia ukumbusho uitwao East Africa Memorial, kwa ajili ya wale wasiokuwa na kaburi lijulikanalo. Wamo waliopotea katika mwendo wa kutoka Kenya kuingia Somalia na Uhabeshi, na wamo waliokufa baharini. Habari ya hao wa baharini yafaa ijulikane na kila kijana wa nchi hii. Mwezi wa Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail iliondoka Mombasa kwenda Ceylon, ikiwa na watu zaidi ya 1,500. Wengi wao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, waliokuwa wakienda kupigana na Wajapani. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldivi, manowari ya Wajapani iliipiga kwa makombora, nayo ikazama katika muda wa dakika chache tu. Watu 1,297 wakaangamia. Bahari haina jiwe la kaburi, wala hapana mzazi awezaye kwenda kuzuru wimbi. Kwa hiyo mahali pekee ambapo jina la mtu huyo laweza kuguswa kwa kidole ni pale penye ukuta wa majina, chini ya miti ya Ngong.

Huu, basi, ni msitu wa kutunza. Miti yake hupunguzwa matawi, nyasi zake hukatwa, mawe yake husafishwa, na katika ofisi mna daftari ambamo mgeni aweza kutafuta jina na kuelekezwa mpaka kwenye safu yake. Nasema wazi kwamba kama daftari hilo lisingalikuwako, mahali hapo pangalikuwa bustani nzuri ya kupumzikia na hapana zaidi.

WALIOACHIWA PORI

Lakini ndugu zangu, uko msitu wa namna nyingine. Ili kuuona yatupasa turudi nyuma miaka ishirini na mitano zaidi, hata vita ya mwaka 1914 hadi 1918.

Katika vita hiyo Waingereza na Wajerumani walifukuzana kutoka Taveta mpaka Msumbiji, katika nchi ambayo mbung'o waliwaua farasi na ng'ombe. Mizigo ikabebwa kwa vichwa vya watu. Katika nchi hii iliyoitwa wakati huo British East Africa waliandikishwa watu zaidi ya 160,000, wengi kwa kulazimishwa, katika kikosi cha wapagazi kilichoitwa Carrier Corps. Jina hilo la Kiingereza likageuka katika vinywa vya watu likawa Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Leo mama anayenunua mchicha Kariakoo hutaja jina la jeshi la wafu bila kujua.

Walikufa kwa wingi kuliko askari. Wachache waliuawa kwa risasi. Waliobaki waliuawa na kuhara, homa ya mapafu, malaria, na unga mbaya usioiva vema kwa kukosa muda na kuni. Wanahistoria hukadiria waliokufa katika kuyatumikia majeshi ya Waingereza, kwa nchi zote za Afrika Mashariki pamoja, kuwa karibu 100,000, na wengine husema zaidi. Naomba msomaji atazame neno hilo “hukadiria.” Askari aliyelala Ngong hakadiriwi, huhesabiwa. Mpagazi hukadiriwa kwa kuwa orodha yake haikutunzwa, au ilitunzwa vibaya, au jina lake liliandikwa na karani asiyejua lugha yake, hata lisitambulike tena.

Madhara ya kukosa orodha hayakuwa ya heshima peke yake. Mishahara ya wapagazi wengi waliokufa haikufika mikononi mwa warithi. Mjane wa Ukambani au wa Nyanza alijua kwamba mumewe alichukuliwa na hakurudi, lakini serikali ilihitaji jina, namba na kijiji vikubaliane katika karatasi, na havikukubaliana. Bwana Oscar Watkins, aliyekuwa mkuu wa kikosi hicho, alishindana na wakubwa wake juu ya deni hilo. Hata hivyo fedha nyingi zilibaki bila kulipwa. Sisi tuandikao madaftari ya michango tuyatie moyoni mambo haya. Karani akipoteza ukurasa, mjane hulala njaa.

Na makaburi yao je? Mwaka 1917 iliundwa huko London Tume ya Makaburi ya Vita, iliyoanzishwa kwa juhudi ya Sir Fabian Ware. Sharti lake la msingi lilikuwa jema sana: kwamba kila aliyekufa akumbukwe kwa jina lake, na kwamba pasiwe na tofauti ya cheo, kabila au dini. Huko Ufaransa na Ubelgiji sharti hilo lilishikwa. Lilipofika kwetu lilivunjwa. Maofisa walisema kwamba Mwafrika wa kawaida hataelewa maana ya jiwe la kaburi, na katika barua za serikali za wakati huo pameonekana shauri kwamba makaburi ya wapagazi yaachwe yarudi porini upesi iwezekanavyo.

Yaachwe yarudi porini! Huo ndio msitu wa pili, msitu wa kusahau. Miti iliota juu ya watu hao pia, na pengine ni miti mizuri yenye kivuli kizuri. Ng'ombe hupumzika chini yake. Lakini mchungaji aliyeketi hapo hana awezalo kujua juu ya aliyelala chini yake. Mti wa Ngong na mti wa kichakani ni mti mmoja. Tofauti ni kwamba kwa huu mtu aliandika, na kwa ule mtu aliamua asiandike.

SANAMU ISIYO NA MAJINA

Itasemwa kwamba serikali ya kikoloni iliweka sanamu. Ni kweli. Mwaka 1927 ziliwekwa sanamu za ukumbusho Mombasa na Dar es Salaam, na mwaka 1928 ikawekwa ile ya Nairobi, katika barabara iitwayo leo Kenyatta Avenue. Zilitengenezwa na mchongaji Mwingereza James Alexander Stevenson. Ile ya Nairobi inaonyesha watu watatu wa shaba nyeusi, naye mpagazi yumo kati yao, na kwa ustadi wa mkono ni kazi ya kusifiwa.

Chini yake yameandikwa maneno, pamoja na Kiswahili, yanayowaahidi waliokufa kwamba wana wao watayakumbuka majina yao. Ahadi nzuri; lakini zunguka sanamu hiyo pande zote nne, hutaona jina hata moja. Wana waliambiwa wakumbuke majina ambayo walioandika maneno hayo hawakujisumbua kuyaandika. Sanamu ilichukua nafasi ya orodha, kama mtu alipaye deni la watu elfu kwa kumpa mkono mmoja wao.

HESABU ZILIZORUDIWA

Jambo hili halikubaki limefichika. Tarehe 22 Aprili 2021 Tume ile ile, ambayo siku hizi huitwa Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ilitoa taarifa ya kamati iliyochunguza makosa yake yenyewe. Kamati ilikiri kwamba watu kati ya 45,000 na 54,000, Waafrika, Wahindi na wengineo, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao wa Ulaya. Zaidi ya hao, watu wasiopungua 116,000, na labda kufikia 350,000, hawakutajwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao ni wa Afrika Mashariki na Misri. Tume iliomba radhi, na siku hiyo hiyo Waziri wa Ulinzi wa Uingereza aliomba radhi bungeni.

Tangu hapo kazi ya kutafuta majina imeendelea, nayo ni kazi ya makarani zaidi ya mafundi wa mawe. Watu wamefungua masanduku ya zamani, na katika hifadhi ya jeshi huko Nairobi zimepatikana kumbukumbu za askari wa King's African Rifles zilizodhaniwa kuwa zimepotea. Karatasi moja ya manjano yenye jina la baba na la kijiji imeziwezesha jamaa kujua, baada ya miaka mia, babu yao alikwenda wapi.

Afrika Kusini wametangulia kuonyesha jinsi majina na miti viwezavyo kukutana. Mwezi wa Januari 1925 haukuwa na ukumbusho wa wafanyakazi weusi wa vita ile mjini Cape Town, wala Januari ya miaka mingi iliyofuata. Bali Januari ya mwaka 2025 ulifunguliwa, katika bustani kongwe ya mji huo iitwayo Company's Garden. Wanakumbukwa humo watu 1,772 ambao hawakuwa na ukumbusho wo wote kwa muda wa zaidi ya miaka mia. Hawakutengenezewa sanamu. Zilisimamishwa nguzo za mvule, mti wa Afrika, nguzo moja kwa kila mtu, na katika kila nguzo limeandikwa jina lake na siku aliyokufa. Apitaye kati ya nguzo hizo hupita kama katika kijisitu, na kila shina lina mwenyewe.

Hapo ndipo nionapo kwamba jambo hili limeeleweka. Kivuli kimepewa majina.

WAFU WA MJI WETU

Sasa turudi Garissa. Wafu wa mji huu hawakuishia katika vita ya Waitalia, na wengi wao hawakuvaa sare. Tangu mwaka 1963 hadi 1967 kaskazini hii iliteswa na vita iliyoitwa ya shifta. Mwezi wa Novemba 1980, baada ya maofisa wa serikali kuuawa mjini, mtaa wa Bulla Kartasi ulichomwa moto na watu wakakusanywa katika uwanja wa shule. Mwezi wa Februari 1984 yakatokea mauaji ya Wagalla, karibu na Wajir, katika uwanja wa ndege. Mambo hayo yote yameandikwa katika taarifa ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyotolewa mwaka 2013. Msomaji wa taarifa hiyo ataona tena ugonjwa ule ule wa zamani. Juu ya Wagalla, serikali kwa miaka mingi ilitaja watu 57. Wenyeji hutaja mamia, hata maelfu. Pasipo majina, hesabu hugeuka ubishi, na katika ubishi mwenye nguvu hushinda. Mwenye orodha hana haja ya kupaza sauti. Huifungua tu na kuisoma.

Kisha ikaja alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015, siku ya Alhamisi, wauaji wenye silaha walipoingia Chuo Kikuu cha Garissa. Watu 148 wakauawa, wengi mno wakiwa wanafunzi, vijana waliotoka pande zote za Kenya kuja kutafuta elimu katika mji wetu. Hesabu ya kwanza ilikuwa 147. Katika siku hizo za majonzi ulitokea wito ambao mimi nauhesabu kuwa kati ya maneno bora yaliyosemwa na raia wa nchi hii: kwamba 147 si namba tu. Watu walianza kutafuta picha na majina, huyu alikuwa nani, alisoma nini, wazazi wake ni wa wapi. Tarehe 7 Aprili walikusanyika Uhuru Park, Nairobi, wakawasha mishumaa na majina yakasomwa. Raia wasiokuwa na cheo wala mshahara wa kazi hiyo walifanya kwa juma moja jambo ambalo dola kubwa ilishindwa kuwafanyia wapagazi kwa miaka mia. Chuo kilifunguliwa tena Januari 2016, ikiwa imepita miaka mia moja tangu wapagazi wale waanze kufa njiani. Wanafunzi walirudi, na kurudi kwao pia ni ukumbusho.

Hao ni wageni wetu waliofia kwetu. Kama vile watu wetu walivyofia Burma na baharini, wakahitaji mgeni awaandike, ndivyo vijana hawa wanavyotudai sisi.

YATUPASAYO

Baadhi ya wanachama wamekuwa wakizungumza juu ya kupanda miti ya ukumbusho. Shauri hilo ni jema, nami naongeza maneno machache ya historia juu yake, na machache ya busara ya nchi yetu.

Katika nchi hii ambayo mvua haifiki milimita 400 kwa mwaka, mti haupandwi kwa hotuba. Anayepanda mwarobaini au mgunga na kurudi nyumbani amewapandia mbuzi. Wahitaji ua wa miiba, na mtu wa kuchukua maji mtoni wakati wa kiangazi, na mtu mwingine wa kuhakikisha kwamba yule wa kwanza hakulala. Kama mipango hiyo haikuandikwa kabla ya shimo kuchimbwa, tusichimbe. Miche iliyokauka katika bustani ya wafu ni tusi la pili juu yao.

Wala tusiogope kwamba majina ni desturi ya kigeni. Maofisa waliosema Mwafrika haelewi jiwe la kaburi hawakupata kuketi na mtoto wa Kisomali akihesabu ukoo wake. Mtoto huyo, kabla hajajua kusoma, huwataja baba zake mmoja baada ya mmoja, kumi, kumi na watano na zaidi, bila kusita. Watu walioyatunza majina ya mababu kwa ulimi katika jua na ukame hawahitaji kufundishwa thamani ya jina. Ni kweli kwamba makaburi ya Waislamu hapa hayajengewi fahari, na desturi hiyo ni ya kuheshimiwa. Lakini orodha si fahari. Orodha yaweza kukaa katika daftari, chini ya kivuli kisicho na jiwe hata moja, na mtu akaisoma na kuomba dua.

Basi, naleta mbele ya mkutano mkuu mapendekezo matatu. Kwanza, kabla ya kupanda mti wo wote wa ukumbusho, chama kianzishe daftari la wafu wa mji huu na wa njia hii, wa vita na wa mauaji, wenyeji na wageni, bila kutenga kabila wala dini, kwa kuwauliza wazee wangali hai na jamaa wenye hiari ya kusema. Pili, kila jina liandikwe pamoja na jina la baba, mahali pa asili, na namna lilivyotamkwa na mwenye kulisema, ili lisiharibiwe na kalamu ya karani, nami nikiwamo katika makarani. Tatu, daftari liandikwe nakala mbili, moja ikae kwa katibu na nyingine ihifadhiwe mahali pengine. Kwa maana mchwa wa Garissa hawana heshima kwa historia.

Hayo yakitimizwa, miti na ipandwe, na kila mti uwe na ukurasa wake. Gharama ya daftari ni ndogo kuliko gharama ya mche mmoja pamoja na maji yake ya mwaka. Mweka hazina ameniambia kwamba fedha ya kulinunua imo.

Mwenyezi Mungu awarehemu wote waliolala chini ya miti, waliojulikana na wasiojulikana.